Kahawa ya Baraza na Kahawa ya Povu

Wazee wenzangu wa Mji Mkongwe wana lalamiko moja nililochoka kulisikia: vijana wameikimbia baraza, wamekwenda kujifungia mikahawani, kila mmoja na simu yake, kikombe cha povu kinapoa mbele yake. Kwenda wamekwenda, hilo halina ubishi. Lakini tunavyoisimulia baraza yetu, utadhani ilikuwa pepo.

Anayeijua Jaws Corner, pale Sokomuhogo njia zinapokutana, anaijua kahawa yenyewe. Buni hukaangwa ikawa nyeusi tititi, ikatwangwa, ikapikwa bila chembe ya sukari. Dele la shaba hukaa juu ya makaa, na muuzaji huvigonganisha vikombe mkononi, watu wakajua amefika. Kikombe hakina mkono, hushikwa kwa ncha za vidole, na hakizidi mafunda matatu. Unaomba kingine, na kingine, mpaka waadhini Isha. Uchungu hukatwa kwa kashata, au kwa halua ikiwa yupo aliyetoka harusini. Vikombe vyote husuuzwa ndoo moja, na sijapata kumwona mtu aliyeuliza habari za maji yale.

Jina la Jaws ni la ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Wengine hudhani ni la siasa, na siwalaumu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ukafuata, tuligawana mpaka kahawa. Jaws Corner ikawa ya CUF. Kisonge, kule Michenzani, ikawa maskani ya CCM, na ubao wake wa maneno ya kuchoma. Ukikaa pasipo pako, mazungumzo yaligeuka ghafla yakawa ya mvua na bei ya samaki. Walikuwapo watu wasiozikana, seuze kunywea dele moja. Ilikuwa mpaka Novemba 2009, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipokutana Ikulu, ndipo baadhi yetu tukaanza kuamkiana tena.

Na wanawake je? Kahawa yao ilikuwa ndani. Wakipita barazani waliharakisha hatua, macho yote juu yao. Nusu ya mji haikupata kukaa kwenye baraza hiyo tunayoiita ya watu wote.

Mjukuu wangu alinipeleka Zanzibar Coffee House, Mkunazini, ambako buni yao hutoka Mbeya. Bei nilipoiona nilivua miwani nikaifuta: kwa pesa ile ningeinywesha baraza nzima. Meza ya jirani walikaa wasichana wawili wenye hijabu, kompyuta wazi, wakibishana juu ya kodi ya mlango wa duka. Hakuna aliyewageukia. Jambo hilo lilinipendeza kuliko kahawa, ambayo, kusema kweli, ilikuwa maziwa.

Ninachokililia mimi ni kitoto cha miaka kumi na miwili kilichotumwa kurudisha vikombe, kikachelewa makusudi, kikasikia watu wazima wakivutana juu ya bei ya karafuu, Nasser na mfereji wa Suez, Simba na Yanga. Pale ndipo tulipojifunza mtu anavyokanushwa bila kuvunjiwa heshima. "Sheikh wangu, hapo unisamehe," kisha hoja yake inabomolewa tofali kwa tofali. Mkahawani mtu huja na anaowajua akaondoka nao. Hapana babu asiyealikwa wa kudakia maneno.

Basi nikayadakia. Nikauliza, kodi yenyewe kiasi gani? Mjukuu wangu aliinamisha uso kwa haya. Wasichana wakatazamana, kisha mmoja akanivutia kiti.

"Shikamoo babu. Wewe ungelipa miezi sita mbele?"

Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka ajue mwenye nyumba ni nani hasa, maana humu mjini nyumba moja huwa na warithi chungu nzima, na nyingine ni za wakfu, na anayekuja kuchukua kodi si lazima awe ndiye mwenyewe. Mwenzake akatikisa kichwa.

"Unisamehe babu, lakini nikisubiri warithi wote wakubaliane, mlango atakuwa keshauchukua mwingine."

Nikaagiza kikombe cha pili, bei iwe iwavyo, nikaanza kumjibu.