Gazeti Kwanza

Tangazo la kazi lilitaka vitu vitatu: barua ya maombi, wasifu, na ukurasa mmoja wa falsafa yangu ya kufundisha. Mimi mwanafunzi wa uzamili, niliyefundisha muhula mmoja wa mazoezi na kumsaidia mhadhiri mihula miwili. Falsafa niitoe wapi?

Nilikuwa kwa Mama, Buxton, katika chumba chake cha kushonea. Ukichungulia dirishani waona maghorofa mapya, pale zilipokuwa nyumba za zamani zilizobomolewa kuanzia 2021. Nikaanza na Paulo Freire, yule Mbrazili aliyepinga elimu inayomfanya mwanafunzi kama akaunti ya benki, mwalimu akiweka na mwanafunzi akitunza. Aya ilipendeza. Nilipoisoma tena nikaona hata mimi nimemweka Freire pale kama akiba tu.

"Waandika nini tangu asubuhi?" Mama akauliza.

"Wataka kujua nafunza vipi."

"Si uwaambie."

"Hilo ndilo nisilolijua, Mama."

Akacheka, akamtazama mwanagenzi wake aliyepiga magoti sakafuni, akikata dera kwenye gazeti. Kwa Mama wote huanza hivyo. Hugusi kitambaa mpaka vipande vyako vya gazeti vikutane mabegani.

"Gazeti likiharibika si hasara," akasema. "Mpe kitambaa cha mtu leo, mkono utatetemeka. Na mkono ukitetemeka, utakata nini?"

Nikamkumbuka msichana mmoja wa kidato cha kwanza, wakati wa mazoezi yangu. Nilimwita ubaoni ajumlishe nusu na theluthi. Akajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, akapata mbili ya tano. Nikaliuliza darasa: "Mwenye nusu mkate, ukimwongezea theluthi, mkate wapungua?" Darasa zima likacheka. Swali lilikuwa zuri, lakini nililirusha kama jiwe. Hakunyoosha mkono tena muhula ule. Kila nilipouliza, "Mumefahamu?" alijibu "Ndiyo" pamoja na wenzake, nami nikaendelea na somo.

Nikamfuta Freire. Nikaandika habari za ubao ule, kisha ninavyofanya sasa: kabla ya mtihani wa alama huwapa zoezi lisilo na alama, wanalisahihisha wawili wawili, nami nakusanya makosa bila majina. Somo linalofuata laanzia kwenye makosa hayo. Gazeti kwanza, kitambaa baadaye.

Niliogopa. Nani atamwajiri mtu anayeanza kwa kutaja kosa lake? Nikamsomea Mama. Akasikiliza mpaka mwisho, mguu umetulia juu ya cherehani.

"Na huyo mtoto," akasema, "ulimuomba radhi?"

"La."

Hakuniambia kitu. Akarudi kwenye mshono wake. Nikaongeza sentensi moja mwishoni, kwamba sikumwomba radhi na nilipaswa, kisha nikatuma.