Kamera begani, kutoka Moshi hadi Marangu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stendi ya Moshi imeshachangamka. Makondakta wanaita Himo, Marangu, Mwika na Rombo kwa pumzi moja, wauza karanga na mayai ya kuchemsha wanapita dirishani, na anga likikubali, Kibo inaonekana juu ya mapaa ya mabati kabla mawingu hayajaifunika. Katikati ya msongamano huo amesimama mama wa watoto wawili, miaka 34, gauni la kitenge, raba miguuni, na begi la turubai la kijani kilichopauka. Ndani ya begi kuna kamera, lenzi mbili na flashi. Hiyo ndiyo ada ya shule na kodi ya nyumba, na sehemu yake bado ni deni la kikoba.

Hakupenda jina lake liandikwe gazetini. Sababu ni ile ile iliyomfanya achague begi la namna hiyo: hataki kila mtu njiani ajue amebeba nini.

Kazi yake ni kupiga picha za sherehe na misiba. Kibosho kwa Wakatoliki ni kipaimara, Marangu kwa Walutheri ni ubarikio, na kila upande wa mlima kuna send-off na mazishi. Desemba, Wachaga wanapopanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kuja kula sikukuu nyumbani, hupanda na kushuka mlima karibu kila Jumamosi. Gari hana. Ana daladala, bodaboda na miguu, kwa hiyo begi kwake ni kama buti la gari, na kulikosea kulimgharimu mara mbili kabla hajapata linalomfaa.

La kwanza lilikuja pamoja na kamera. Lilikuwa jeusi, zuri, na jina la kampuni limedariziwa mbele kwa uzi mweupe. Alilipenda mno, kwa sababu lilimtambulisha kuwa ni mpiga picha na si mtu wa kubahatisha. Jioni moja akitembea pembeni ya barabara mjini, bodaboda iliyopakia kijana mmoja ilimpita karibu, mkono ukashika begi. Mkanda ulikuwa umenasa kwenye kiwiko. Akaburutwa hatua chache kabla vijana wale hawajaachia. Kamera ilibaki, goti likashonwa.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo akina mama wengi watalielewa. Alitoa kabatini begi la mtoto, lile la nepi na chupa. Kwa ujanja, hakuna begi linaloweza kulishinda. Ndani lina bitana isiyopitisha maji, mfuko wa chupa unaingia lenzi kana kwamba umepimwa, na nepi mbili zikiwekwa juu hakuna kibaka anayetamani kuendelea kuchungulia. Alilitumia miaka miwili, mtoto mwenyewe akiwa ameshaanza kukimbia.

Tatizo la begi hilo lilikuwa mkanda. Ulikuwa mwembamba kama vidole viwili na ulishikwa na pete za plastiki, kwa sababu lilishonwa kwa ajili ya nepi na maziwa, si vyuma na vioo. Siku ya msiba mmoja Old Moshi, mvua imenyesha, njia ya udongo mwekundu inateleza kuelekea nyumba ya wafiwa, pete ikakatika. Lenzi moja iligonga jiwe. Alipiga picha za mazishi yale kwa lenzi iliyobaki, na ndugu wa marehemu hawakujua kitu.

Kabla ya siku hiyo mwili ulikuwa umeshaanza kulalamika. Alikuwa akiamka na shingo ngumu upande wa kushoto, kisha vidole viwili vya mkono huo vikawa vinakufa ganzi akiosha vyombo. Kama wengi wetu alisema amelala vibaya, akajipaka dawa ya kuchua. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyemwona hospitalini alimwambia kwanza alete begi lenyewe.

Alipolivaa mbele ya kioo, jibu lilionekana. Bega la kushoto lilikuwa limepanda kuelekea sikio, na kiwiliwili kimeinamia kulia. Mtu anayening'iniza mzigo upande mmoja huinua bega bila kujua ili mkanda usiteleze, na misuli inayotoka shingoni hadi begani hubaki imekaza muda wote, hata akiwa amesimama tu kanisani saa tatu. Mkanda mwembamba huongeza mateso, kwa kuwa uzito ule ule unaangukia sehemu ndogo ya mwili, na karibu na mtulinga ndipo inapopita mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Ganzi ya vidole ilikuwa na mwanzo wake pale.

Aliambiwa apunguze uzito, atafute mkanda mpana, auvushe kifuani badala ya kuutundika bega moja, abadilishe upande kila baada ya muda, na begi liwekwe chini au mapajani kila anapokaa. Aliambiwa pia kitu ambacho kila msomaji anayebeba mzigo begani anapaswa kukijua. Ganzi isiyoondoka au mkono kukosa nguvu si vya kuchuliwa nyumbani. Na maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, bila kulisingizia begi.

Kesho yake alipita kwa muuza maharage soko la Mbuyuni akaomba mizani. Kilo saba na robo. Muuza maharage alicheka, akauliza kama amebeba mawe. Njia ya mlimani inapoanza, kwenye mageti ya hifadhi, mizigo ya wapagazi, wale vijana wanaojiita wagumu, hupimwa, na kikomo chao ni kilo 20. Lakini mama anayezunguka vijijini na kamera hana getini pa kupimiwa. Alitoa lenzi ndefu ambayo huitumia harusi kubwa tu, chaja mbili, mwavuli, albamu ya mfano na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Maji yanauzwa Marangu. Zikabaki kilo nne.

Ndipo akaenda kwa fundi. Katikati ya mji wa Moshi, kwenye baraza za maduka, mafundi cherehani bado wanashona mbele ya macho ya wapita njia. Yeye alimtafuta anayeshona maturubai ya malori na makava ya viti, kwa kuwa cherehani yake haiogopi kitambaa kizito.

"Dada, mbele tuweke picha gani?" fundi aliuliza, maana wateja wengi hupenda nembo.

"Lisiwe na kitu, baba."

"Basi litafanana na la fundi bomba."

"Liwe hivyo hivyo."

Wazo hilo wapiga picha wa mbali walishalifikia zamani. Kampuni ya Billingham ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1973, ilikuwa ikitengeneza mabegi ya wavuvi wa ndoano, na baada ya miaka michache ikagundua kwamba New York yanunuliwa na wapiga picha. Marekani nako, Jim Domke wa gazeti la Philadelphia Inquirer alibuni begi laini la turubai miaka hiyo hiyo ya 1970. Mabegi ya majina hayo bado yapo, ila bei yake kwa mpiga picha wa vijijini ni sawa na lenzi. La fundi, pamoja na vifaa vyote, halikufika shilingi 50,000.

Turubai lilikuwa la pamba, kipande cha lori lililostaafu. Turubai la plastiki linazuia maji zaidi, lakini linapasuka kwenye mikunjo na linapiga kelele. Mkanda ni wa kiti cha gari, ule wa usalama, wenye upana wa karibu sentimita tano. Kitu kilichotengenezwa kuzuia mwili wa mtu mzima kwenye ajali hakiwezi kushindwa na kilo nne. Haukushonewa mdomoni mwa begi tu. Unashuka ubavuni, unapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili, hivyo mshono hauachiwi kubeba mzigo peke yake. Mabegi mengi ya dukani hukatikia hapo, pale mkanda unapokutana na begi. Msomaji akienda sokoni, iwe Memorial kwenye mitumba au duka la kioo, hapo ndipo pa kuvuta kwa nguvu kabla ya kutoa pesa.

Sponji ya ndani ilileta mjadala. Fundi alitaka kuweka godoro, na godoro ni laini, lakini linabonyea ndani ya miezi na linanyonya maji. Walitumia mkeka wa sponji wa kulalia, ule wa wapanda mlima, uliochoka kwa kazi hiyo lakini mzima kwa kazi nyingine. Hauingii maji. Vikakatwa vyumba vitatu, na kamera ikalala kifudifudi lenzi ikitazama chini.

Mfuniko unafungukia upande wa mwili, ili mtu wa nyuma kwenye foleni asiweze kuufikia. Zipu haikuwekwa kwa sababu vumbi la tambarare, kuanzia Moshi hadi Himo, huikwamisha. Ile ya kushikana kwa manyoya ilikataliwa pia. Kuna mtu aliwahi kuifungua kanisani kimya kimya kukiwa na maombi, ikasikika hadi madhabahuni. Kuna bakoli mbili tu, na kwenye mkanda kuna nyingine ya kuachia haraka, kwa sababu ya lile goti. Mkanda uliovushwa kifuani unamshinda kibaka wa kwenye umati, lakini mbele ya pikipiki unaweza kumburuta mwenye begi. Yeye huuvaa mfupi, begi likae ubavuni juu ya nyonga, upande wa mbali na barabara. Kamera inanunulika tena.

Je, ngozi? Moshi ni mji wa ngozi, na Karanga kuna kiwanda cha viatu na bidhaa nyingine za ngozi. Begi la ngozi hudumu na huzidi kupendeza likizeeka. Kwa mlimani, hata hivyo, ni zito, na likilowa hukaa na unyevu muda mrefu, na unyevu huzaa kuvu kwenye lenzi. Kwa harusi ya mjini lingefaa sana.

Na unyevu wa huko juu si wa kudharau. Daladala likiacha njia kuu pale Himo na kuanza kupanda, dakika chache tu hewa inabadilika. Vumbi linaisha, migomba inaanza, kahawa chini ya migomba, mifereji ya maji pembeni ya njia, uzio wa masale mpakani mwa vihamba. Moshi mjini watu wanajipepea. Kwenye geti la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wanavaa sweta. Kamera iliyopoa huko ikiingizwa ghafla jikoni kwenye moto wa kuni, au ikishushwa mjini mchana, lenzi hupata umande. Dawa ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la mahali. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, yeye havitupi.

Jumamosi hiyo ni ubarikio wa mjukuu. Anateremka Marangu Mtoni, anachukua bodaboda, begi likiwa katikati yake na dereva, kisha anamalizia kwa miguu kati ya migomba. Uani sufuria za machalari ziko motoni na mbege inasubiri wazee. Hakuna anayemwangalia mara mbili. Mtoto mmoja anadhani ni mpishi aliyechelewa.

Hapo begi linakuwa limemaliza kazi yake, na yeye analijua hilo. Hatoi kamera kwa kuibia. Anakwenda kwanza kwa bibi wa nyumba, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na khanga mpya, anampa shikamoo, anafungua mfuniko na kumwonyesha kamera. Anamuuliza nani apigwe, nani asipigwe. Msibani hufanya hivyo hivyo kwa mzee wa ukoo, kabla hata ya kusaini daftari la rambirambi. Mabegi haya yanaweza kutumiwa vibaya, na wapo wanaoficha kamera ili wapate picha ya mtu anayelia bila ridhaa yake, halafu ikazunguka kwenye simu kabla kaburi halijafukiwa. Yeye anasema begi lake linamficha kibaka tu, wenye nyumba hapana.

Bibi aliitazama kamera muda mrefu, kisha akasema binti mdogo wa mwisho asipigwe, anaumwa na hataki kuonekana alivyokonda. Katika picha zote za siku ile binti huyo hayupo.

Jioni mvua inanyesha. Turubai limelowa nje na kuwa la kijani cheusi, ndani ni kukavu. Daladala la kurudi limejaa, na konda, kijana mwenye haraka, analinyooshea begi mkono ili alitupe nyuma pamoja na mikungu ya ndizi.

"Mama, leta hilo begi la mzee. Lina spana?"

"Spana tupu, mwanangu."

Analipakata hadi Moshi.