Pongwe: Picha Ambayo Hatukuipiga

Ukitoka Tanga mjini kwa daladala na kufuata barabara ya Muheza, baada ya kilomita zipatazo 15 unafika Pongwe. Wakati wa kiangazi hutahitaji kumwuliza kondakta. Utayaona majani ya kando ya njia yamepakwa weupe, kana kwamba mtu amepita akimwaga unga. Huo si unga, bali ni vumbi la mawe ya chokaa.

Pongwe ni kata ya Jiji la Tanga, lakini ina sura mbili. Upande mmoja ni mahali pa kazi nzito. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapa mwaka 1980, kwa kuwa jiwe lenyewe liko chini ya miguu ya watu. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, inapita papa hapa. Upande wa pili ni kijiji: minazi, mihogo, kuku uani, na wazee wanaokaa barazani wakimjua kila apitaye.

Sisi, akina mama wachache wa kanisa, tulianza kwenda Pongwe kwa ajili ya wazee hao. Baadhi yetu ni wauguzi. Jumamosi moja kila mwezi tunabeba kipima shinikizo la damu, sabuni na sukari kidogo, tunapita nyumba kwa nyumba. Tunapima, tunaongea, tunafua nguo pale penye haja. Mzee aliyewahi kufanya kazi ya kuchoma chokaa ndiye aliyetufundisha kwamba jiwe likipata joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa yake, na kinachobaki ukikimwagia maji huchemka chenyewe bila moto. Nasi tukamfundisha mjukuu wake kwamba chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Ombi la bibi

Katika nyumba moja alikuwapo bibi ambaye jina lake tunalihifadhi. Tulipomaliza kumsalimu siku hiyo alitujibu, "Marahaba wanangu. Leo nina neno." Akatoa kutoka kwenye pindo la kanga kitambulisho chake cha mpiga kura.

"Hii ndiyo picha yangu pekee," alisema. "Na humu nimekunja uso, maana jua lilikuwa kali. Mkija tena, nipigeni picha moja nzuri, niwaachie wajukuu."

Ndugu msomaji, simu zilikuwa mikobani mwetu, tena zenye kamera. Lakini tulimjibu, "Bibi, subiri kidogo. Tutakuja na kamera ya kweli, tukupige picha ya heshima." Akacheka, akasema atasubiri.

Tulikuwa na nia njema. Tulikwishazungumza kwamba wazee wote wa Pongwe wapigwe picha, zisafishwe kwa ukubwa wa karatasi ya A4, kila mmoja apewe yake. Katika kisanduku chetu cha akiba mlikuwa na shilingi laki saba na nusu, zilizotokana na maandazi na mchango wa kila wiki.

Mpiga picha mmoja wa Ngamiani alikuwa akiuza kamera aliyokwisha kuitumia, Canon EOS 700D, kwa bei tuliyoiweza. Tukafanya kikao. Nusu yetu walisema tuinunue. Nusu walisema hapana, hiyo ni ya mwaka 2013. Kijana mmoja alikuwa ametuambia kwamba kamera mpya zaidi iko njiani, na ikitoka, hizi zilizopo zitashuka bei. "Subira yavuta heri," alisema mtunza hazina wetu. Sote tukaitika. Nani angepinga methali nzuri kama hiyo?

Hiyo ilikuwa baada ya Pasaka. Mwezi wa sita tulisubiri. Mwezi wa saba tulisikia habari za kamera nyingine tena. Mwezi wa nane tulipokea simu kutoka Pongwe.

Msibani, wajukuu walikuwa wamekipeleka kile kitambulisho cha mpiga kura mjini, picha ikakuzwa na kuwekwa kwenye fremu mbele ya jeneza. Ilikuwa na chembechembe, na uso ulikuwa umefifia. Na kweli, bibi alikuwa amekunja uso. Mjukuu mmoja alitusogelea akauliza kwa upole, "Mama, ile yenu hamkuwahi kumpiga?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kamera mpya haikomi kutoka

Baada ya siku za matanga tulikaa kikao kingine, safari hii kwa unyenyekevu. Tuliangalia historia ya kamera za jamii hiyo moja tu. EOS 600D ilitoka mwaka 2011, 650D mwaka 2012, 700D mwaka 2013, 750D mwaka 2015, 800D mwaka 2017, 850D mwaka 2020. Katikati ya hapo, mwaka 2018, kampuni hiyo hiyo ikaleta EOS R, kamera ya fremu kamili isiyo na kioo ndani. Mtu aliyeanza kusubiri mwaka 2011 angekuwa na sababu nzuri ya kusubiri kila mwaka, na albamu yake ingekuwa tupu hadi leo.

Tukajiuliza swali la pili: kazi yetu inahitaji nini hasa? Picha ya A4 iliyosafishwa kwa ubora mzuri inahitaji kama megapikseli 9. Ile ya mwaka 2013 ina 18. Basi tulikuwa tukisubiri kitu ambacho kazi yetu haikukihitaji.

Pale Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga picha za vizazi na vizazi. Mtu akiiona picha ya nyanya yake iliyotoka studio kama hiyo, hasemi kamera ilikuwa ya toleo gani. Anasema, "Tazama, nimerithi pua yake."

Wengine watauliza, kwa nini msitumie simu tu? Ni kweli, siku ile tulipaswa kuitumia, na hilo ndilo kosa letu kubwa kuliko la kamera. Lakini kwa kazi ya kila mwezi tuliona kamera inafaa zaidi. Nyumba nyingi za wazee zina mwanga hafifu. Tena simu ni ya mtu binafsi. Picha za wazee hazipendezi kuchanganyika na mambo ya nyumbani mwa mtu, wala kusambazwa bila idhini. Sisi wauguzi tunalishika hilo: hatumpigi picha mgonjwa kitandani, na hatumpigi yeyote asiyekubali.

Tulivyonunua

Tulirudi Ngamiani. Ile kamera ya kwanza ilikuwa imekwisha kuuzwa, lakini tulipata nyingine mbili za aina hiyo hiyo. Tunawaandikia tulichojifunza, maana akina mama wengi wana vikundi na visanduku kama chetu.

Kwanza, tulishika lenzi na kuimulika kwa tochi kutoka nyuma. Katika moja tuliona nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na kamera iliyofungiwa kabatini Tanga huota kuvu kama mkate. Tuliirudisha kwa shukrani.

Pili, tuliuliza imekwisha kupiga picha ngapi. Ndani ya kamera mna shata, yaani kijilango kinachofunguka na kufunga kila upigapo picha, na huchakaa. Kwa kamera za ngazi hii hukadiriwa kudumu kwa picha 100,000 hivi. Fundi aliisoma kwa kompyuta akakuta 31,000 na kidogo.

Tatu, tulipiga picha ya ukuta mweupe kutafuta madoa, tukajaribu mwanga wa kamera, tukachaji betri na kuona kama inakaa. Nne, tulidai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, ili tusinunue machozi ya mtu aliyeibiwa. Tano, hatukukopa hata senti. Muuzaji akikataa usijaribu, au ukilazimika kukopa, hapo subira ni ya heri kweli, nasi tusingemlaumu anayengoja.

Kurudi Pongwe

Tulirudi Pongwe Jumamosi iliyofuata. Kamera ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na lenzi hatukuibadilisha nje hata mara moja, kwa sababu ya lile vumbi jeupe. Jioni tuliifuta kwa brashi laini na kuiweka kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Tulipiga picha za wazee 11. Babu mmoja alituweka tukingoja nusu saa akitafuta kofia yake. Mama mmoja alikataa kabisa, tukamheshimu, tukanywa naye chai. Yule mzee wa chokaa aliomba apigwe akiwa amesimama mbele ya tanuri la zamani, mikono nyuma, kama askari. Tulipompelekea picha yake mwezi uliofuata, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa mzee hivi, na hakuna aliyeniambia!" Wote wakacheka.

Nyumba ya bibi tulipita pia. Wajukuu waliomba tuwapige wao, wote saba, wakiwa wamekaa barazani pale pale alipokuwa akikaa. Kitambulisho kile wamekihifadhi kwenye sanduku. Waliuliza kama kamera yetu inaweza kuinyoosha ile picha, bibi aonekane anatabasamu. Tuliwaambia ukweli, kwamba tunaweza kuisafisha ionekane vizuri kidogo, ila tabasamu halimo.

Wahenga walitupa methali mbili, si moja. Subira yavuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Tuliichagua ile iliyotupendeza, tukaisahau ya pili. Tangu siku hiyo, mzee akituomba neno Pongwe, tunatazama kwanza kilichomo mkobani.