Tulimshuku Mwandishi Wetu, Kumbe ni Tansiyo



Juma hili tunaandika jambo linalotuletea haya. Tumekubaliana sote, pamoja na mwenzetu anayehusika, kwamba lisemwe. Jina lake tunaliacha. Yeye mwenyewe alituambia: "Andikeni. Pengine mama mwingine atapimwa mapema kuliko mimi."

Sisi ni wamama wa kikundi kimoja cha akiba hapa Bukavu. Tunakutana kila Alhamisi mchana, tukishatoka soko la Kadutu na kazi zingine. Kuna wanaouza sambaza, kuna wanaouza makala, kuna walimu na washonaji. Mwenzetu huyo alikuwa mwandishi wetu kwa miaka sita. Yeye ndiye aliyeandika michango katika daftari, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona na kosa.

Mwaka jana hesabu zikaanza kuyumba. Alhamisi moja mama mmoja alitoa franka 3 000, daftari likaandikwa 8 000. Tulihesabu pesa za sanduku mara tatu, zikapungua tu. Juma la pili ikawa hivyo tena. Wengine wetu tukaanza kunong'ona njiani. Siku moja neno likatoka mbele ya wote: "Mama, unakula pesa zetu?" Hakujibu. Aliweka kalamu juu ya meza, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda zake akilia. Hakuna aliyemfuata.

Ni binti wa mmoja wetu, anayefanya kazi ya uuguzi, aliyetuuliza swali ambalo sisi hatukuuliza: "Huyo mama anaona vizuri?" Tulikwenda kwake, tukamkuta jikoni. Alituambia kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiona kama moshi mbele ya macho, hasa jicho la kushoto. 3 na 8 zilikuwa zimefanana. Alinunua miwani ya sokoni, ikamsaidia kidogo, kisha moshi ukarudi. Hakutaka kusema, kwa kuogopa tutamnyang'anya kazi ya uandishi. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kilio humfichua.

Wawili wetu tukamsindikiza hospitali. Muganga wa macho alimtilia matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akamwangalia ndani ya jicho kwa taa yake. Alikaa kimya kwa muda. Sisi tulingoja aandike namba ya miwani. Badala yake aliuliza: "Mama, tansiyo yako mlipima lini?" Akauliza pia kama anachoka haraka akipanda mlima, na kama usiku anaamka akitafuta pumzi. Tulitazamana, kwa maana kila Alhamisi tulimwona akisimama mara tatu njiani kabla ya kufika kwetu, na tulimtania kwamba amenenepa.

Wakampima palepale. Ilikuwa 19 kwa 11, yaani 190 kwa 110. Wakarudia, ikawa karibu vilevile. Siku hiyohiyo alipelekwa kwa muganga wa magonjwa ya ndani. Alipopimwa moyo, walikuta ukuta wake umekuwa mnene kwa kusukuma damu kwa nguvu muda mrefu.

Tulimwomba muganga wa macho atueleze: jicho na moyo vinakutana wapi? Alitueleza polepole, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa.

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga. Juu yake inapita mishipa midogo ya damu, myembamba kama nyuzi. Hapo muganga anaweza kuitazama mishipa ya damu kwa macho yake bila kupasua. Chombo cha kutazamia kilianza mwaka 1851, kazi ya Mjerumani Hermann von Helmholtz. Na mwaka 1939 madaktari watatu wa Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliandika kwamba wagonjwa wa tansiyo ambao mishipa ya macho yao imeharibika zaidi ndio waliokufa mapema zaidi. Kwa hiyo waganga wamejua kwa muda mrefu kwamba jicho linatoa habari za mwili mzima.

Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, miaka na miaka, mishipa ile midogo inakaza na kuta zake zinakuwa ngumu. Mingine inavuja damu, mingine inaziba. Sukari nyingi katika damu nayo inaidhoofisha, na mama mwenye sukari pamoja na tansiyo anaumizwa mara mbili. Jicho halisababishi ugonjwa wa moyo. Msukumo uleule unaopasua mishipa ya jicho unapiga pia mishipa ya moyo, ya figo na ya ubongo. Tofauti ni kwamba hiyo mingine hatuioni.

Na moyo wenyewe? Mfikirie mama anayebeba mzigo wa makala kila siku kwenye milima yetu. Mwanzo misuli yake inakua, watu wanasema ana nguvu. Lakini mzigo usipopunguzwa, siku moja miguu inakataa. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyokaza unafanya vivyo hivyo: unanenepa kwanza, halafu unachoka.

Muganga alimuuliza kama hakuwahi kuambiwa habari ya tansiyo. Hapo mwenzetu aliinamisha kichwa. Aliambiwa, alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake. Miguu ilivimba, kichwa kiliuma, aliona kama cheche mbele ya macho. Baada ya kuzaa alipewa vidonge na kuambiwa arudi kupimwa. Alikunywa mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha. Pesa za vidonge akalipia shule.

Tusimhukumu, kwa sababu wangapi kati yetu tumefanya hivyo? Tansiyo mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kupika, kuuza, kucheka, huku mishipa inaharibika. Kwa hiyo kujisikia mzima si kipimo. Na mama aliyepata tansiyo wakati wa mimba ana hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa moyo baadaye, hata kama ilishuka baada ya kuzaa. Anapaswa kuendelea kupimwa maisha yake yote.

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu. Alhamisi iliyofuata tulikwenda wote kwake kumwomba msamaha. Aliyesema lile neno alipiga magoti. Mwenzetu alimwinua, akasema: "Hata mimi ningeshuku, kwa maana nilinyamaza."

Pesa za mfuko wetu wa kusaidiana tulizoea kuzitoa kwa matanga na uzazi. Safari hii tulizitoa kwa vidonge vyake vya miezi mitatu ya kwanza. Leo tansiyo yake imeshuka. Jicho la kulia limesafika. La kushoto halikurudi lote, na muganga alisema huenda likabaki hivyo. Lakini anapanda mlima akisimama mara moja tu. Uandishi anaufanya na msaidizi, msichana wa mmoja wetu anayesoma namba kwa sauti kubwa.

Tulinunua pia chombo cha kupimia tansiyo. Kabla ya kutoa michango, kila mama anakaa dakika tano bila kusema, mkono juu ya meza, ndipo anapimwa. Siku ya kwanza wenzetu kadhaa walikuwa juu ya 14 kwa 9, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Tuliwatuma kituo cha afya kuhakikisha, kwa maana kipimo cha siku moja hakitoshi.

Mama wapendwa, tuliyojifunza tunawaachia.

Macho yakififia, usiishie kununua miwani. Ni kweli kwamba baada ya miaka 40 wengi wetu tunahitaji miwani ya kusomea, na huo si ugonjwa. Lakini mpime tansiyo na sukari kwanza. Mwenye sukari aangaliwe ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Siku ya matone msindikizeni, kwa sababu kwa saa kadhaa jua litamuumiza na njia hataiona sawasawa.

Jicho likizimika ghafla, au mdomo ukipinda, au mkono ukikosa nguvu, au kifua kikibana, msingoje kesho. Na mama mwenye mimba anayeona cheche au ukungu, huku kichwa kinauma, apelekwe hospitali saa ileile, kwa ajili yake na ya mtoto.

Vidonge vya tansiyo haviachwi kwa sababu umejisikia vizuri. Vikikushinda bei au vikikusumbua, rudi kwa muganga, akubadilishie. Ukishika mimba, mwambie mapema, kwa sababu vidonge vingine havifai wakati huo.

Chumvi tuipunguze. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Ile iliyomo katika makayabu na kube nayo inahesabiwa! Makayabu tuyaloweke usiku na kumwaga maji. Ukitia kube katika sombe, usiongeze chumvi.

Na ukimwona mwenzako anakosea kazi aliyoizoea, muulize kwanza kama yuko mzima. Sisi tuliuliza mwisho.

Sisi wamama wenzenu wa Alhamisi.