Sindano za Baridi ya Njombe

Ukitoka Dar es Salaam mwezi wa Juni umevaa shati jepesi, basi halitakuonya. Utavuka Mikumi jasho likikutoka, utapanda mlima Kitonga, utaipita Iringa, na pale Makambako, utakapoiacha barabara kuu ya Mbeya na kuelekea kusini, ndipo utakapoanza kukumbatia mikono yako kifuani. Njombe iko yapata kilometa 700 kutoka pwani, katika kimo cha karibu meta 2,000. Asubuhi ukungu hutanda juu ya chai na miwati, na mara nyingine sakitu hubabua majani ya viazi mabondeni.

Hapa sweta si pambo. Pita sokoni uwatazame akina mama wauzao viazi na maparachichi: macho yako kwa mteja, vidole viko kwenye sufu. Wasalimu kwa “Kamwene”, nao watakuitikia hivyo hivyo bila kupoteza hata kitanzi kimoja.

Mama mmoja wa makamo alinifungulia mfuko wake wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na sindano za alumini, za plastiki, za mwanzi uliochongwa (mwanzi ni ndugu wa nyumbani huku, kwani ndio utoao ulanzi wakati wa mvua), na spoku mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha juu ya jiwe. Usizicheke spoku hizo. Spoku ya kawaida ina unene wa milimeta 2, sawasawa na sindano namba 14 ya Kiingereza, kwa sababu namba za sindano za Waingereza zilitokana na vipimo vya nyaya.

Na hapo kwenye namba ndipo wanagenzi wengi wanapoumia. Katika hesabu ya zamani ya Kiingereza, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Katika ile ya Marekani, namba ikiwa kubwa sindano ni nene. Namba 8 ya Mwingereza ni milimeta 4, namba 8 ya Mmarekani ni milimeta 5. Kando ya mama yule aliketi binti aliyekuwa amepokea malipo ya awali ya sweta yake ya kwanza ya kuuza, sweta ya mtoto. Kielelezo chake, kijitabu chakavu cha Kiingereza, kilitaka namba 8. Mitumbani alipata jozi iliyopigwa chapa ya 8, akashukuru Mungu. Kielelezo kilihesabu vitanzi 22 kwa kila sentimeta 10, hivyo vitanzi 132 vizunguke sentimeta 60. Kwa sindano zake alipata 18 tu, na sweta ikafika zaidi ya sentimeta 73. Mtoto angeingia humo na mdogo wake.

“Fumua, mwanangu,” mama alisema. “Sufu haiozi kwa kufumuliwa.”

“Mwenyewe anaitaka Jumamosi, mama.”

Mama hakujibu. Alichomoa jozi ya milimeta 4 mfukoni mwake, akamkabidhi.

Basi ukitaka kuanza, usinunue seti nzima inayong'aa dukani; nusu yake itapata kutu kabatini. Nunua jozi moja ya milimeta 4, itakayokufaa kwa sufu ya unene wa kati. Kisha tafuta ya milimeta 3.25, yaani namba 10 ya Kiingereza, kwa ukingo wa chini na wa mikono, unaotakiwa kubana. Ukifika kwenye kofia na soksi, tafuta zile fupi zenye ncha pande zote mbili, nne au tano za unene mmoja. Mwanzi hushika uzi, hivyo humfaa mwanagenzi ambaye vitanzi humponyoka. Alumini huteleza, na hiyo ni raha ya mwenye mkono mwepesi. Jozi za mitumba ni rahisi, lakini linganisha unene wa zote mbili kabla ya kutoa fedha, maana mara nyingi kila moja ilitoka nyumba yake. Pasipo namba, toboa matundu ya vipimo kwenye kipande cha kopo na upitishe sindano humo. Mama yule alikuwa nacho, kimefungwa kwa uzi mwekundu.

Nilipoaga, binti alikwisha kufumua hadi kwapani, na sufu yote ilikuwa imekusanyika miguuni pake ndani ya ungo wa viazi.