Kilimia Juu ya Buha

Nilipokuwa darasa la nne huku Kasulu, tulikariri majina ya sayari tisa kwa sauti moja, tukasifiwa. Jioni moja nilitaka kumwonyesha baba Zuhura. Kidole changu kikaelekea nyota nyingine. Baba, ambaye hakupata kuketi darasani, hakucheka. Alinionyesha kundi dogo la nyota, akalitaja kwa Kiha, akasema: "Likichomoza jua linapotua, mwanangu, jembe liwe limekwisha kushika udongo. Likipotea pamoja na jua, mvua zinaaga."

Mwaka 2006 wataalamu wa falaki waliiondoa Pluto katika hesabu, sayari zikabaki nane. Lakini kundi lile, ambalo Waswahili huliita Kilimia kwa ajili ya kulima, bado huchomoza jioni za Novemba, na mwezi Mei hupotelea katika mwanga wa jua, mvua za huku zinapokoma. Jina alilolitaja baba nimelisahau, naye hayupo tena wa kuulizwa.

Ndugu mwalimu, sayari na zifundishwe. Ila kabla ya kufuta ubao, watume watoto wakatazame mbingu pamoja na wazee wao, na asubuhi waje na majina. Hayo hayamo kitabuni.