Nani Anayetetemesha?

Katika somo la mofolojia tunafundishwa kwamba kauli ya kutendeka humficha mtenda. Kikombe kimevunjika, kamba imekatika, na hakuna anayeshtakiwa. Mimi jambo hilo nililiona Sake mwaka 2019, kabla sijalisoma darasani, kwenye Land Cruiser ya 1994 iliyokuwa ikitetemeka.

Gari lilikuwa la baba mdogo. Sake ni njia panda: upande mmoja Goma, kilomita 25 hivi, upande mwingine barabara inayopanda milima ya Masisi, na ile inayofuata Ziwa Kivu kwenda Minova na Bukavu. Pikapu hiyo ilishusha viazi na maharagwe kutoka milimani, na karo yangu pamoja na ya wadogo zangu wawili ilitoka humo. Tetemeko lilianza baada ya gari kupelekwa garaji moja mjini Goma kutiwa grisi. Baba mdogo aliporudi kulalamika, aliambiwa bwate imekufa, atafute nyingine ya dola 900. Nyumbani tulianza kuhesabu ng'ombe.

Kabla ya kuuza, alilipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Sake, ambaye sote tulimwita Papa.

“Papa, gari iko inatetemeka.”

“Inatetemeka wapi? Mu mikono ao mu kiti?”

Nilidhani anatania. Kumbe swali lile limeshagawanya gari vipande viwili. Tetemeko la kwenye usukani mara nyingi hutoka magurudumu ya mbele. La kwenye kiti na sakafu hutoka katikati au nyuma. Baba mdogo alisema ni kwenye kiti. Papa akauliza linaanzia kilomita ngapi (50), na kama mizigo hulizidisha (hapana). Halafu akauliza swali ambalo hadi leo ninalipenda kuliko yote: “Inatetemeka, ao inavuma?”

Sisi wanafunzi wa lugha tungesema hapo ni tofauti ya mtindo tu. Kwa Papa ilikuwa hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.25 huzunguka kama mara 6 kwa sekunde. Mitikiso 6 mwili unaweza kuihisi mmoja mmoja: hiyo ni kutikisika. Lakini kardani, yaani ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kutoka bwate hadi difu ya nyuma, huzunguka kwa kasi zaidi. Difu ikiwa ya 4 kwa 1, kardani huzunguka kama mara 25 kwa sekunde. Na kiungo chake chenye umbo la msalaba, kikiwa kimepinda, huharakisha na kuchelewesha mzunguko mara mbili kila duru, kwa hiyo misukumo ni 50 kwa sekunde. Hapo mwili hauhesabu tena. Sikio husikia uvumi. Baba mdogo alifikiri kidogo, akajibu: “Inavuma, Papa. Kama nyuki mu mzinga.”

Tulitoka wote watatu kuelekea Mugunga, mimi nikibanwa katikati. Papa aliendesha kilomita 50 kwa vitesi ya tatu, kisha 50 kwa vitesi ya nne. Mota ilibadilisha sauti, uvumi haukubadilika. Alipofika 60 akatoa vitesi kabisa, gari likateleza lenyewe, na nyuki wakaendelea. Mota na ambreyaji zikaachiwa huru. Bwate nayo ilibaki na kesi ndogo sana, maana bwate mbovu kwa kawaida hubadilisha kelele unapobadilisha vitesi.

Aliporudi aliweka mawe mawili ya lava nyuma ya magurudumu na kuingia chini. (Mawe hayo hayanunuliwi Sake. Lava ya Nyamulagira ilifika ziwani karibu na hapo katika mlipuko wa 1938 hadi 1940, na watu wanaijengea nyua.) Alishika kardani kwa mikono miwili, akaisukuma juu na chini, akaizungusha kushoto na kulia. Hakuna kilicholegea. Kisha akaniita nitazame.

Kardani ya gari lile ni vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, ili urefu ubadilike gari linapopanda na kushuka kwenye mashimo. Kila upande una uma wa kushikilia msalaba, na nyuma mbili hizo hapana, uma hizo mbili, lazima zitazamane katika mstari mmoja. Zikiwa hivyo, kile ambacho msalaba wa mbele unaharakisha, wa nyuma unachelewesha, na difu hupokea mzunguko ulio sawa. Zetu zilipishana. Mtu alivuta vipande, akapaka grisi, akavirudisha jino lisilo lake bila kuweka alama.

Neno kardani, kwa njia, tumelipata kwa Wafaransa, nao wamelitoa kwa Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16. Waingereza humtaja Robert Hooke kwenye kiungo hichohicho. Papa hakuwajua wote wawili. Alijua kwamba “inatetemeka” ni sentensi ambayo haijamaliza kusema, na kila swali lake lilikuwa la kuigeuza iwe kauli ya kutendesha: kitu fulani kinalitetemesha gari, nacho kina mahali na kasi yake. Yule wa Goma aliruka hatua hiyo, akaenda moja kwa moja kwenye kipuri cha bei kubwa.

Kazi ilichukua kama saa moja. Alifungua bolti nne, akavuta kipande, akakizungusha hadi uma zikatazamana, akakirudisha, kisha akapiga mstari wa rangi nyeupe juu ya vipande vyote viwili ili mwingine asivikosee. Alidai dola 10 na soda. Baba mdogo alimwongezea gunia la viazi.

Ulibaki mtikisiko mdogo mikononi, ambao Papa alisema ni wa gurudumu la mbele na utaonekana kwenye kilomita 90. Barabara yetu haikuwahi kumpa baba mdogo nafasi ya kufika 90.